Sheria ya kazi haiulizi ukubwa wa shamba

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, anapokaa chini kupiga hesabu ya ekari moja, huandika mbegu, mbolea, dawa, dizeli ya pampu, magunia na usafiri wa kwenda sokoni. Mwisho kabisa huandika neno moja: vibarua. Mbele yake huweka kiasi cha fedha kwa kukadiria, kisha hufunga daftari. Ndani ya neno hilo wamo akina mama wanaopandikiza miche kwa siku chache, kijana anayelala shambani na kumwagilia tangu mbegu hadi mavuno, mlinzi wa usiku, na fundi wa pampu anayeitwa pale tu mashine inapogoma. Kwa mkulima wote hao ni vibarua. Kwa sheria za kazi za Tanzania Bara ni watu tofauti kabisa, na mmoja wao, yule fundi, huenda si mfanyakazi wake hata kidogo.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi wanapoulizwa kuhusu sheria za kazi hujibu kwamba hizo ni za mashamba makubwa ya mkonge na chai, za viwanda, za kampuni zenye ofisi ya utumishi. Ni jibu linaloeleweka, kwa sababu huko ndiko maofisa wa kazi walikozoea kwenda. Lakini ni jibu lisilo sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006, inawahusu wafanyakazi wote wa Tanzania Bara, wakiwemo wa serikali, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikuweka idadi ya ekari, wala mtaji, wala idadi ya wafanyakazi ambayo mwajiri asipoifikia anasamehewa. Mwenye mfanyakazi mmoja ni mwajiri kama alivyo mwenye wafanyakazi elfu moja.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "biashara yangu ni kubwa kiasi gani?" Mwenye biashara anapaswa kumtazama kila mtu anayefanya kazi kwake na kujiuliza: huyu ni nani kwangu, yuko kwangu tangu lini, anafanya kazi gani hasa, na nilimtoa wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha ni sheria zipi zinazomhusu.

Swali la kwanza ndilo gumu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inaeleza lini mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Zipo dalili kadhaa na inatosha moja tu kuwapo. Je, namna anavyofanya kazi inasimamiwa na mwingine? Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine? Anatumia vifaa vya mwenye kazi? Anamtegemea mtu huyo kiuchumi? Anamfanyia kazi mtu huyo peke yake? Ni sehemu ya taasisi hiyo? Au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita?

Kipimo hicho cha saa 45 kwa mwezi ndicho kinachowanasa wengi bila wao kujua. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ana kijana anayekuja asubuhi saa moja na jioni saa moja kukamua, kisha anaondoka zake. Mfugaji anamwita "mtu wa kusaidia." Saa mbili kwa siku, siku 30, ni saa 60. Baada ya miezi mitatu kijana huyo amekwisha kuvuka kipimo, na kama ndoo na dawa ya kuoshea chuchu ni za mfugaji, amevuka tangu siku ya kwanza.

Mtu anayepatana kupalilia ekari moja kwa bei ya jumla, anakuja na jembe lake na wenzake aliowatafuta mwenyewe, anaanza saa anayotaka na kesho yuko kwa jirani, huyo ana kila sababu ya kuitwa mkandarasi mdogo. Ila mwenye shamba akishaanza kumpangia saa ya kuingia, akampa jembe na kumwekea nyapara, bei ya jumla haitamwokoa. Kulipa kwa kipande ni njia ya kukokotoa ujira tu, haibadilishi uhusiano uliopo kati ya watu hao wawili. Vivyo hivyo kwa mtindo wa kumkabidhi nyapara fedha zote ili agawe mwenyewe. Ikiwa kazi inafanyika shambani kwako, kwa maelekezo yako na vifaa vyako, nyapara ni mfanyakazi mwenzao tu aliyeongezewa daftari.

Hapa kuna jambo linalostahili kusemwa kuhusu wakulima wa mkataba, kama wale wa miwa walio jirani na viwanda vya Kilombero na Mtibwa au wa tumbaku wa Urambo. Mkulima huyo si mfanyakazi wa kiwanda wala wa kampuni inayonunua. Ni muuzaji wa mazao. Lakini yeye mwenyewe, au chama chake, akichukua wakata miwa, amegeuka mwajiri. Ni kawaida kumsikia mkulima wa aina hii akilalamika, na mara nyingi kwa haki, kwamba kampuni inamcheleweshea malipo. Si kawaida kumsikia akitaja kwamba wakata miwa wake nao wanangoja malipo hayo hayo. Sheria inataka ujira ulipwe siku iliyokubaliwa, wakati wa kazi na mahali pa kazi, pamoja na maelezo ya maandishi ya jinsi ulivyokokotolewa. Kumwambia mtu asubiri kiwanda kilipe ni kumkopa bila ridhaa yake.

Baada ya kujua nani ni mfanyakazi, linafuata suala la muda. Msamaha ambao waajiri wengi wanaujua ni ule wa miezi sita: masharti yanayomlinda mtu dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Wajanja wakafikiri wamepata njia, wakawa wanampa mtu mkataba wa miezi mitatu, wanamsimamisha, kisha wanampa mwingine. Sheria ilikwisha kuliona hilo. Miezi sita inahesabiwa iwe ni chini ya mkataba mmoja au mikataba zaidi ya mmoja.

Kwenye likizo hali ni hiyo hiyo, na wakulima ndio wanaoguswa zaidi. Mfanyakazi ana haki ya siku 28 mfululizo za likizo ya malipo katika kila miezi 12. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki hiyo. Lakini sheria imetaja waziwazi wafanyakazi wa msimu na kusema wao wanayo. Ikaongeza kwamba mtu anayeitwa mara kadhaa katika mwaka na mwajiri yule yule, hata kama kila safari ni fupi, jumla ya muda wake ikizidi miezi sita katika mwaka huo anastahili likizo. Kijana aliyekuja kuandaa mashamba ya mpunga Mbarali, akarudi wakati wa kupandikiza, akarudi tena kufukuza ndege na kuvuna, anaweza kabisa kuwa ameivuka miezi sita bila mtu yeyote kuhesabu. Hakuna aliyehesabu kwa sababu hakuna aliyeandika.

Na katika kuandika ndiko biashara ndogo zinakoumia. Sheria inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: jina, umri, jinsia na anwani yake, mahali alikoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna utakavyokokotolewa. Hayo yote yanaingia kwenye karatasi moja ya daftari. Hayadai mwanasheria wala muhuri. Mwajiri anatakiwa kuyahifadhi kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Wengi hawafanyi hivyo wakiamini kwamba pasipo karatasi hapana ushahidi dhidi yao. Ukweli ni kinyume chake. Mgogoro ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Mfanyakazi akisema walipatana Sh250,000 kwa mwezi na mwajiri akasema ni Sh150,000, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha. Karatasi aliyoikwepa ndiyo ingekuwa shahidi wake.

Mfanyakazi anayedai kwamba ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake kwenye Tume, na madai mengine yana siku 60. Muda ni mfupi, na baadhi ya waajiri hutegemea kwamba mtu wa shambani hatajua. Ilikuwa rahisi zaidi kutegemea hivyo kabla ya kila kijana kuwa na simu mfukoni.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa hoja inayorudiwa na wenye mashamba ni kwamba kufuata haya yote kutawafilisi. Kima cha chini cha mshahara hupangwa kwa amri ya Waziri kwa kila sekta. Amri ya mwaka 2013 iliweka Sh100,000 kwa mwezi kwa kilimo. Ile ya mwaka 2022, iliyotumika kuanzia Januari 2023, ilipandisha hadi Sh140,000. Oktoba 2025 ikatangazwa amri nyingine, ya kuanza 1 Januari 2026, ikiwa na ongezeko la wastani wa asilimia 33.4 kwa sekta binafsi. Mwajiri aangalie jedwali la amri hiyo mpya kwa sekta yake. Hesabu ifuatayo inatumia kile kiwango cha Sh140,000 kama mfano tu.

Juu ya mshahara huo mwajiri anachangia NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 na kwa kawaida nusu yake ni ya mwajiri, yaani Sh14,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, ulikuwa ukitoza sekta binafsi asilimia 1 ya mishahara. Kiwango hicho kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na asilimia 0.5 mwaka 2022. Hiyo ni Sh700. Kodi ya mshahara hapa haipo, kwa kuwa mshahara usiozidi Sh270,000 kwa mwezi haukatwi. Jumla ni Sh154,700 kwa mwezi, au Sh1,856,400 kwa mwaka. Mfanyakazi akimaliza mwaka anajiwekea haki ya malipo ya siku saba za mshahara kwa kila mwaka kamili, ambayo hulipwa ajira ikifika mwisho kwa namna inayostahili. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, siku saba ni kama Sh37,700. Mwaka mzima sasa umegharimu takriban Sh1,894,000, na kwa kuwa amepumzika siku 28, kazi iliyopatikana ni ya miezi 11 hivi. Kila mwezi wa kazi halisi umemgharimu mwenye shamba karibu Sh172,000, si Sh140,000.

Mkulima aliyepanga bei ya gunia kwa kutumia Sh140,000 amejidanganya kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye gharama ya nguvukazi. Hilo ni tatizo la kweli na halipaswi kufichwa. Lakini tazama upande wa pili. Ziada ambayo sheria inaongeza juu ya mishahara 12, kwa mtu mmoja, ni kama Sh214,000 kwa mwaka. Sheria ilipotungwa mwaka 2004 iliweka fidia ya kuachishwa isivyo haki kuwa isiyopungua mishahara ya miezi 12, na kipimo hicho kilidumu kwa miaka mingi. Kwa mshahara wa mfano wetu hiyo ni Sh1,680,000. Yaani ugomvi mmoja wa asubuhi, wa "chukua vitu vyako uondoke," ungeweza kumeza fedha ambazo zingetosha kufuata sheria kwa mtu huyo kwa karibu miaka minane. Hapo hazijahesabiwa nauli za kwenda kwenye shauri na siku zilizopotea wakati mazao yanaharibika.

Anayetaka kumwachisha mtu kihalali hahitaji fedha nyingi. Anahitaji sababu ya kweli, utaratibu wa haki wa kumsikiliza, na notisi: siku saba katika mwezi wa kwanza wa ajira; baada ya hapo siku nne kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Mlinzi wa usiku ni mfano mwingine mzuri wa gharama isiyoonekana. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu na hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa. Sasa mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi kwa siku sita amefanya saa 72. Saa 27 ni za ziada kila wiki, ambazo ni 108 kwa wiki nne, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Shamba la namna hiyo linahitaji walinzi wawili wa kupokezana, au kubali kwamba mlinzi wake mmoja anavunjiwa sheria kila wiki. Wengi wana mlinzi mmoja, halafu wanashangaa kumkuta amelala.

Aina ya kazi nayo inabadilisha mambo, hasa kwa mwenye biashara zaidi ya moja. Mkulima wa mpunga aliyefungua mashine ya kukoboa na duka la pembejeo hayuko tena katika sekta moja ya amri ya mishahara. Katika amri ya mwaka 2022 kilimo kilikuwa Sh140,000 na biashara na viwanda Sh150,000. Kwenye Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi tofauti ni kubwa zaidi. Tangu Julai 2021 tozo hiyo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na mwajiri wa shambani amesamehewa kwa wale wanaofanya kilimo chenyewe moja kwa moja na si kingine. Msamaha huo hauwafuniki wasimamizi wa shamba wala wanaosindika mazao. Mwenye kumhamisha kijana kutoka kwenye majaruba kwenda kwenye mashine ya kukoboa amemhamisha pia kisheria, ingawa mshahara na bosi ni wale wale.

Sheria nyingine chache ndizo zenye kipimo cha idadi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa upande wake, inataka mahali pa kazi pasajiliwe OSHA, na inamwangalia mwajiri kama mwenye jukumu la kumkinga mfanyakazi na madhara. Kwa mkulima wa nyanya au vitunguu jukumu hilo lina sura moja kubwa: bomba la dawa mgongoni mwa kijana asiye na glovu wala kinga ya pua, akipulizia asubuhi na kula mchana kwa mikono ile ile. Buti na glovu zinunuliwe na mwenye shamba. Kumwambia kibarua aje na zake ni kukwepa.

Kuhusu watoto hakuna nafasi ya kujadiliana. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Wa miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Na aliye chini ya miaka 18 hawekwi kwenye kazi ya hatari, ambapo sheria imetaja kilimo kwa jina lake. Kupulizia dawa ni kazi ya hatari, hata kama baba yake mtoto ndiye aliyemleta.

Swali la mwisho, mtu alitolewa wapi, lina historia ndefu nchini. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalijengwa kwa nguvu za manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea na kwingineko. Siku hizi hakuna ofisi ya kuandikisha manamba, lakini lori linalotumwa mkoa wa jirani kuleta watu wa kuvuna lipo. Sheria inasema mfanyakazi aliyetafutwa na mwajiri au wakala wake mahali fulani, ajira ikiisha mahali pengine, asafirishwe na mizigo yake kurudi alikotolewa, au alipwe nauli, pamoja na posho ya kujikimu kila siku hadi atakaposafirishwa. Hiyo posho ya kila siku ndiyo inayouma. Mwenye shamba anayesubiri bei ya mazao ipande ili apate nauli ya watu wake, kila kukicha deni lake linakua.

Wapo pia wanaovuka mpaka, hususan Kigoma na Kagera, kutoka Burundi na Rwanda kuja kulima. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa nchi hizi zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mambo ni huru. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi, awe mhandisi au mshika jembe. Mwenye kumtumia asiye na kibali, kwa sababu analipwa kidogo na hawezi kulalamika, naye ana la kujibu. Na mwenye shughuli Bara na Zanzibar ajue kwamba akishavuka bahari amebadilisha sheria: huko kuna Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1, zote za mwaka 2005, na mfuko wa ZSSF badala ya NSSF.

Je, ni haki kumtarajia mwenye ekari tatu ayajue haya yote? Hapa serikali haiwezi kukwepa lawama. Mkulima huyo huyo anatakiwa kupita NSSF, WCF, OSHA, TRA na Ofisi ya Kazi, kila mlango na fomu yake. Kwa miaka mingi sheria zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo si mwajiri wala mwajiriwa wa Mang'ola anaitumia kupatana bei. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, lakini kutafsiri kitabu si sawa na kukifikisha kijijini. Tena sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025, zikagusa hata mazingira ambayo mkataba wa muda maalumu unaruhusiwa, na mwaka huo huo kuanzia Julai likaanza kutumika toleo jipya la sheria za nchi. Mwenye nakala ya zamani aliyoinunua stendi anasoma kitu kilichokwisha kubadilika.

Lipo pia pendekezo ambalo husikika kwenye mikutano ya wafanyabiashara, kwamba waajiri wadogo, tuseme wenye watu chini ya watano, waondolewe kabisa kwenye sheria hizi. Ni pendekezo baya. Mtu akivunjika mguu kwenye shamba la ekari tatu hauvunjiki kidogo kwa sababu shamba ni dogo. Kinachofaa kupunguzwa kwa mdogo ni utaratibu, si haki. Asajiliwe mara moja katika mlango mmoja na taarifa zigawanywe na ofisi zenyewe. Aruhusiwe kupeleka michango kwa msimu, mazao yanapouzwa, badala ya kila mwezi wakati hana shilingi. Na kuwe na fomu moja ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, yenye yale maelezo ya mfanyakazi ambayo sheria inayataka, ipatikane kwa afisa ugani na mtendaji wa kijiji, mahali pale pale mkulima anapofuata vocha ya mbolea. Upande wa pili wa ukurasa huo zichapishwe haki za mfanyakazi, ambazo mwajiri tayari anatakiwa na sheria kuzibandika mahali panapoonekana. Ghala la vitunguu lina ukuta wa kutosha.